Mama Alizikwa Bila Kamba Yake

Butembo, komine Bulengera,
siku ya Mungu, tarehe 12 mwezi wa kumi 2025

Yaya Kitsa, kaka yangu mupendwa wa kule Lubumbashi,

Nakusalimia sana, wewe na muke wako Jokébed na batoto bote. Muko bazima? Ile mugongo yenye ilikuwa inakukataza kulala, ilipona? Banasema mwezi huu jua ya kwenu inakuwaka kali mupaka lami inalainika. Mukunywe maji mingi, na batoto basitembee kichwa wazi.

Huku kwetu mvua inanyesha kila mchana, kisha midi, na baridi ya Butembo unaijua. Mimi niko muzima. Kifua ilinishika mwezi wenye ulipita, lakini imeniacha. Batoto bangu banasoma. Maharage ya kule Vuhovi yalitoka muzuri, na tuliweza kuvuna juu siku zile kulikuwa utulivu. Mama mudogo Kavugho wa Beni anakusalimia. Angali palepale Beu, anakataa kukimbia tena. Anasema amekimbia mara mingi, sasa kama ni kufa atakufia mu kitanda yake. Anauliza pia kwa nini haumupigie simu.

Donc, yaya, nikuje ku ile neno.

Wakati wa maziko barabara ya Kanyabayonga ilikuwa imekatika, ndege ya Goma hakuna, na wewe ulibakia kule na kilio yako. Ulitazama video. Uliona Mama analala mu sanduku na kikwembe ya bulu, kitenge tu, bila kanzu ya tertiaire, bila kamba, na hakuna hata sauti moja ya fraternité inaimba. Ukaniuliza: «Kahongya, Mama alikosa nini?» Nilikuambia nitakuandikia, juu si neno ya kusema mu telefone. Leo nimekaa chini, naandika.

Wewe uliondoka hapa ungali kijana, na Jokébed ni Muprotestanti, basi nieleze wazi ili naye asome na asipotee. Batertiaires, ni kusema batu ba Tiers-Ordre, si masista na si bafurere. Ni batu ba nyumbani: bamama ba soko, balimu, bajane, batu ba ndoa. Banaweka ahadi mbele ya Mungu kuishi Injili palepale mu nyumba zao na mu kazi zao. Kanzu ya rangi ya udongo na kamba nyeupe ya kiuno banaivaa siku ya ahadi, kisha banaikunja mu valise, na banavalishwa tena siku ya kuzikwa. Fraternité, kundi yao, njo inaosha mufu wake, inamuvalisha, inamubeba ku mabega na kuimba mupaka ku kaburi. Mama alikuwa anaingojea siku ile bila woga. Kila mwaka alitoa kanzu ku jua, akapiga pasi, akairudisha.

Fraternité ya Mama wa Subira, ni mama yetu njo aliianzisha hapa. Padiri wa wakati ule, mwenye amekwisha kufa, alitaka kuichagulia bakubwa sawa vile alichaguliaka kwaya. Mama alisimama mbele yake na kumuambia: «Padiri, utubariki, utusomee Misa, utuungamishe. Lakini kuchagua, tutachagua siye wenyewe. Kanuni yetu inasema vile.» Padiri akakasirika, akabafungia sale, nyumba ya mikutano ya parokia. Balikutana mwaka muzima chini ya hangari ya soko, kati ya harufu ya samaki ya kukauka, mupaka bakubwa ba Tiers-Ordre balituma neno kwamba Mama ana haki: fraternité inajitawala, padiri ni musaidizi wa roho tu. Tangu pale batu balimuita Mama Autonomie, mama wa kujitawala. Alijifanya kukasirika, lakini alipenda ile jina.

Sasa Mathe. Ni parrain wako wa ubatizo, unamukumbuka na sura yake ile ya kicheko. Mama njo alimuingiza mu fraternité, alimufundisha Kanuni ku meza yetu, na siku ya ahadi yake ni Mama alimufunga kamba. Alimuita mwana wangu. Kisha ndugu yake Jacob aliuawa mu shamba yake, upande wa mangaribi ya Beni, na bale baasi, batu ba pori. Balimukata na panga. Bile bilibakia bililetwa mu gunia, na Mathe njo aliifungua ili ajue kama ni yeye. Tangu siku ile kicheko ilimuhama. Fraternité ilimuchagua mukubwa wao, na Mama alimupa kura yake.

Mwaka wenye ulipita Mama alienda Beu kumuuguza mama mudogo Kavugho. Kule alikuta musichana mumoja anaitwa Joyeuse, analala na mutoto wake ku veranda ya duka. Bale batu ba pori balimukamata mu njia ya shamba angali mu masomo ya sekondari, akakaa na bale batu ndani ya pori, akazaa kule, akatoroka na mutoto ku mugongo. Alipofika kwao, baba yake alimufungia mulango. Alimuambia kupitia dirisha kwamba binti yake alikwisha kufa, na matanga yake balikwisha kukalia.

Mama alirudi Butembo naye. Mutoto anaitwa Elsa. Alibapa chumba ya karibu na jikoni, na siku ya Mungu yenye ilifuata alibaingiza mu kanisa, akabakalisha pembeni yake ku benchi ya mbele, ile ya fraternité. Batu bote ba ile benchi balisogea. Mama akaona nafasi imekuwa kubwa, akamulaza Elsa pale.

Mathe alikuja kwetu wiki ile. Alikataa chai. Alikaa na kofia ku magoti, akamuangalia Elsa mwenye alikuwa anacheza na kifuniko ya sufuria, akasema: «Mama Adèle, damu ya batu benye balimuchinja Jacob inakula ku sahani yako.» Mama akamujibu: «Mutoto huyu hajachinja mutu, Mathe. Anakula maharage.» Mathe akasimama, akaenda. Ku mulango akageuka, akasema conseil, baraza ya fraternité, itamuita.

Conseil ilimuita kweli, mbele ya fraternité nzima, mu sale ya parokia. Mimi si tertiaire, lakini balituacha siye ba jamaa tusimame nyuma. Mathe alisimama ku meza yenye kitambala nyeupe na musalaba. Alisema kwa sauti ya pole, sawa mutu anasoma tangazo, kwamba Mama anatia kashfa ndugu zake, kwamba bajane na bayatima ba machinjo ya Beni bako mu fraternité hii na hawawezi kusali karibu na kitu ya pori. Amufukuze musichana, ama aache kamba.

Mama alisimama. Unajua alivyokuwa mufupi, ilibidi ashike benchi. Alisema: «Siye tuliahidi kubakia mu dunia, hatukuahidi kuikimbia sawa bamonaki. Basi dunia imenifuata mupaka mu jikoni yangu. Munataka niitupe wapi?»

Kisha akasema ataomba bakubwa ba Tiers-Ordre baamue. Pale Mathe alicheka, mara ya kwanza tangu kifo ya Jacob, na ilikuwa afazali asicheke. «Bako mbali, Mama. Bakubwa bako kule ng'ambo ya vita, na neno yao ikifika tutaisoma. Ni wewe njo ulitufundisha kwamba hakuna mutu wa inje anaweza kuingia mu mambo yetu. Leo hakuna mwenye ataingia.»

Mathe akaomba kura ya kumutoa, na mikono ilipanda. Mikono ya bamama benye alibazalisha, ya babwana benye alibasimamia ku arusi. Banne ama batano hawakupandisha. Muzee Josaphat, jirani yetu, aliangalia viatu vyake.

Mathe akamuambia afungue kamba. Mama alikuwa ameivaa juu ya robe siku ile kwa heshima ya mukutano. Vidole vyake vilikuwa vimepindana na ugonjwa ya baridi, na fundo ilikuwa ngumu. Alijaribu. Batu bote balingoja. Nilitoka nyuma nimusaidie, bakanizuia ku mukono, banasema ni desturi, mwenyewe njo anaifungua. Alijaribu tena mupaka jasho ikamushuka ku shingo. Basi Mathe akaomba mukasi, na mama mumoja mushonaji akatoa yake mu sakoshi. Mathe akapiga magoti mbele ya Mama, yaya, sawa mwana anamufunga mama yake kiatu, akaikata. Mama aliangalia kichwa yake pale chini. Akaweka mukono juu yake kumubariki, kwa mazoea tu nafikiri, na Mathe akautoa sawa mutu anafukuza inzi.

Kesho yake nilienda kwa padiri wa sasa. Ni kijana, muzuri wa maneno. Alinipa kiti, alinipa fanta, akanisikiliza mupaka mwisho. Kisha akasema: «Dada yangu, ningeweza nini? Parokia ni yangu, fraternité si yangu. Mama yako mwenyewe alipigania ile mulango ifungwe. Nikiivunja leo, batasema nini?» Nilimuambia angeweza kuingia kwetu tu, kumusalimia. Akasema atakuja. Hakukuja.

Kisha ilianza ile ingine. Wakati wa kupeana amani mu Misa, Mama alinyoosha mukono, batu bakaangalia mbele. Ku soko, pale Mama aliuzisha matunda, batu balikuwa banayashika, banayapima, kisha mwenye kuwa pembeni anabanongoneza, banayarudisha. Joyeuse alipoenda ku maji, batoto balimufuata na mawe kidogo kidogo, na bamama zao banaangalia ku mulango. Siku moja alirudi na bidon tupu na damu ku sikio. Mama alimuosha, akachukua ile bidon, akaenda ku maji mwenyewe. Bakamurushia mawe yeye naye.

Miguu yake ikavimba. Munganga alisema moyo inachoka. Alipolala kabisa, nilifikiri hapa sasa batajilegeza, juu desturi ya kutembelea bagonjwa ni ya kwanza kati ya desturi zao zote, na ni Mama njo aliiweka. Kweli balikuja mu avenue yetu, bote, na kitabu za nyimbo. Mama alibasikia mbali. Aliniambia: «Kahongya, panga viti. Toa ile nappe ya maua ya ku meza.» Nilipanga viti. Sauti ikakaribia, ikafika ku mulango yetu, ikapita. Balienda kwa muzee Josaphat, mwenye alivunjika muguu. Balikaa kule mupaka jua ikainama, banaimba, ukuta kwa ukuta na siye.

Ule wimbo unaujua, ule wenye Mama alitufundisha kuimba kwa sauti mbili. Mama alikuwa analala, macho ya kufunga. Balipofika ku kiitikio, akashika sauti ya pili. Aliimba nayo yote, pole pole, bila kukosa, na bale ba ng'ambo ya ukuta hawakumusikia. Joyeuse alitoka inje. Mimi nilibakia, nikaangalia vile viti.

Alikufa juma ile, asubuhi, wakati Joyeuse anamulisha uji. Neno ya mwisho yenye niliielewa ilikuwa juu ya kanzu. Alisema: «Ipo mu valise. Hata bila kamba, si mbaya.»

Niliitoa. Nilikuwa nimeiweka ku kiti na maji yalikuwa yanapata moto, wakati bamama babili ba conseil baliingia. Balisalimia vizuri, bakafanya alama ya musalaba mbele ya mwili, bakalia hata kidogo. Kisha mumoja akasema: «Tumekuja kuchukua kanzu. Si ya marehemu, ni ya fraternité.» Nilibaambia Mama alijishonea mwenyewe, kitambaa alinunua Kampala wakati baba angali muzima. Akasema kitambaa inaweza kuwa ya Mama, lakini baraka yenye iko juu yake ni ya fraternité, na mwenye kutolewa hawezi kuzikwa nayo. Shangazi zetu balikuwa pale, benye kukalia matanga, bakaendelea kuchochea moto. Ningebapiga, yaya. Nilishika mukono mumoja wa ile kanzu, ule mama akashika mwingine, na tukasimama vile juu ya mufu wetu sawa batu banagombania nguo ku soko. Nilipoona vile niliachilia.

Ni Joyeuse alimuosha. Ni Joyeuse pia alifungua kikwembe yake ya bulu, ile moja yenye alikuwa nayo ya kutokea, yenye Mama alimupa Pasaka, akabakia na robe ya ndani. Tulimuvalisha ile. Sanduku ilibebwa na vijana ba kwetu Vuhovi. Muzee Josaphat alikuja na fimbo zake mbili, akajaribu kuanzisha wimbo ku kaburi, sauti ikakatika, na hakuna mwenye alimuitikia. Njo maana haukusikia kitu mu video.

Palepale ku kaburi, wakati banarudisha udongo, mama mumoja alisema kwa nguvu ya kutosha ili Joyeuse asikie: «Huyu amemumaliza mama wa batu. Sasa atamumaliza nani?» Joyeuse hakulia. Matanga ilipofikisha juma moja nilimutuma ku soko, na hakurudi. Alimuacha Elsa analala ku kitanda yangu, amemufunika vizuri, na nguo zake zote zimekunjwa ku miguu. Dereva mumoja alisema alimuona mu camion yenye kupanda Beni. Kwa mama mudogo Kavugho hakufika. Juma ile balishambulia magari ku barabara. Mama mudogo alienda kuangalia maiti ku morgue, mumoja kwa mumoja, hakumuona. Mupaka leo hatujui kama tumulilie ama tumungojee. Elsa anauliza kila siku, na namuambia mama yake anakuja, juu sina neno ingine.

Nikuambie sasa kwa nini nimeandika leo na si kesho. Fraternité inafanya jubilé, sikukuu ya kuanzishwa kwake, mwezi wenye unakuja. Mathe alinifikia hapa. Alikuwa amekonda, na alinisalimia sawa hakuna kitu kilipita. Alisema banachapisha kikwembe ya jubilé, na juu ya historia banataka sura ya muanzilishi. Alisema vile, «muanzilishi», hakusema Mama Adèle. Nilimuuliza: mwenye balimutoa anakuwaje muanzilishi? Akasema: «Kutolewa ni ya mwisho, kuanzisha ni ya kwanza. Kwa Mungu yote iko na nafasi yake.» Nilimufungulia mulango atoke.

Lakini photographe wa mbele ya kanisa alikuwa na picha, Mama alipigwa Krismasi, anacheka, na amemupakata Elsa. Alibauzishia ile.

Ile kikwembe imekwisha kutoka, yaya. Siku ya Mungu hii kanisa nzima ilikuwa imeivaa, ku mapaja, ku migongo, ku vitambala vya kichwa, Mama anacheka mupaka ku mulango. Elsa alimutambua kabla yangu. Aliniponyoka, akamukimbilia mama mumoja, akashika ile nguo na mikono mbili akiita bibi yake, «Mukaka! Mukaka!» Akaweka kidole ku mukono wa Mama, pale alikuwa anapakatwa yeye, akajitafuta mbele, akazunguka akajitafuta ku mugongo. Akageuka kwangu: «Na miye niko wapi?» Ule mama alivuta nguo yake, akatoka.

Bamemukata ku picha, yaya. Bamepaka maua pale alikuwa.

Mathe aliniambia amekutumia kitambaa ya chemise kupitia mufanyabiashara mumoja mwenye anashuka Lubumbashi, na kwamba anangojea neno yako ya pongezi, isomwe ku jubilé, juu wewe ni mwana wa muanzilishi na mwana wake wa ubatizo. Wewe ni mukubwa, sitakuagiza. Ukitaka kuandika, andika. Ila mbele ya kupeleka ile kitambaa kwa mushonaji, ifungue ku meza, muangalie Mama mukono wa kushoto. Umepindana, umebeba, na hakuna kitu ndani. Jokébed naye aangalie. Kisha shona, kama utaweza.

Unisalimie Jokébed na batoto, kila mutu kwa jina yake. Unisalimie pia muzee Sikuli, kama ungali unakutana naye ku Misa ya batu ba kwetu. Mama mudogo Kavugho na batoto bangu banakusalimia. Elsa naye anakusalimia, amesimama hapa ku magoti yangu na anataka kuandika. Hii alama ya wino ku pembe ni yake.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mulango yenye haitafungwa mbele ya mutu. Wasingya, asante sana, kwa yote yenye ulitutumia wakati wa matanga.

Mimi mudogo wako mwenye kukupenda siku zote,

Anne-Marie Kahongya